Somo: Akili Ikihama, Irudishe Hivi

Unasoma ukurasa mzima, macho yanafika mstari wa mwisho, kumbe akili ilishakwenda kwenye kodi ya nyumba tangu aya ya pili. Mwaka 2010 Matthew Killingsworth na Daniel Gilbert wa Chuo Kikuu cha Harvard waliwauliza watu wazima 2,250 kupitia simu zao wanawaza nini muda huo. Asilimia 46.9 ya majibu, mawazo yalikuwa kwingine.

Akili inapohama hivyo, kuna maeneo ya ubongo, hasa ya katikati, mbele na nyuma, yanayochangamka kwa pamoja. Marcus Raichle na wenzake waliyaeleza mwaka 2001: huamka pale mtu asipokuwa na kazi mkononi. Ndipo unapojikuta uko jana, au kesho.

Sasa zoezi. Dakika kumi zinatosha.

1. Kaa, mgongo wima bila kujikaza. Kiti au mkeka, sawa tu.

2. Isikilize pumzi sehemu moja, puani au tumboni. Usiivute, iache ije yenyewe.

3. Akili itahama. Hapa naomba msome taratibu, maana wengi huacha hapa wakidhani wameshindwa. Mwaka 2012 Wendy Hasenkamp na wenzake wa Chuo Kikuu cha Emory, Marekani, waliwapima ubongo watu 14 waliozoea meditesheni, yaani mazoezi kama haya ya kutuliza akili. Walizingatia pumzi, na kila walipogundua wamehama, walibonyeza kitufe. Mawazo yalipozurura, yale maeneo ya katikati yalichangamka. Mtu aliposhtuka, ukaamka mtandao mwingine wa ubongo, ule unaotambua jambo la kushughulikiwa. Kisha sehemu nyingine zikamgeuza, akarudi kwenye pumzi. Kwa hiyo ule mshtuko wa "aa, nimehama" ndio zoezi lenyewe. Ukihama mara thelathini ukarudi mara thelathini, umefanya kazi kubwa.

4. Ukishtuka, sema kimoyomoyo "nawaza", urudi. Usijisute.

MASWALI

Mwalimu, mimi kwenye swala nafika rakaa ya tatu sikumbuki ya pili nilisoma sura gani. Hii itanisaidia?

Utazoea kushtuka na kurudi, na kwenye swala nako utahitaji hayo. Ila khushui, yaani unyenyekevu na utulivu wa moyo kwenye swala, ina mafundisho yake, hayo muulize ustadhi wako.

Mkuu, lengo ni kutowaza kabisa?

Hapana. Mwaka 2011 Judson Brewer na wenzake wa Yale walikuta kwa wazoefu wa meditesheni yale maeneo ya katikati yametulia zaidi kuliko kwa wageni. Yametulia, hayajazimika. Na tunayahitaji: bila kuiwaza kesho utapangaje safari?

Nilifiwa mwaka huu. Nikifumba macho tu, msiba wote unarudi.

Pole sana, dada. Usifumbe. Kaa macho wazi, sikiliza nyayo zako zinavyogusa sakafu, dakika mbili tu, kisha inuka. Ikikulemea hata hivyo, acha kwanza, ukamwone mshauri nasaha, na usikae peke yako siku hizi.