Uunge au uache nafasi? Maneno ambatani bila kuumiza kichwa

Msimu wa korosho ukianza huku Mtwara matangazo yanabandikwa kila kona, Tandahimba mpaka Masasi, na hutakosa kikao kilichoitishwa na "mwenye kiti" wa chama cha msingi cha ushirika. Sasa mwenye kiti ni yeyote aliyekuja na kiti chake toka nyumbani, anayeongoza kikao ni mwenyekiti, neno moja lililoungwa toka mawili (hilo ndilo ambatani), wingi wenyeviti, yaani vipande vyote viwili vinabadilika na bado unaunga, kwa hiyo anayekwambia vipande vyote vikibadilika kwenye wingi basi utenganishe, usimsikilize sana.

Anza na maana. Vipande vikikutana vikazaa kitu kingine, unga: mwananchi, kifunguamimba, mlalahoi (huyo hata jana kalala vizuri bado mlalahoi). Halafu jaribu kurudisha "wa" au "ya" katikati. Afisa ugani ni afisa wa ugani, maana haijahama hata kidogo, basi acha nafasi. Stakabadhi ghalani hivyohivyo (unapeleka korosho ghalani unapewa stakabadhi, ndipo ziuzwe), mfumo uko kwetu tangu 2007 na wapo wanaoiandika kama neno moja refu mpaka linataka kutoka nje ya bango. Ila ukilijaribu mwanafunzi unapata mwana wa funzi, nani atakuelewa?

Sikio nalo linasaidia. Kiswahili kinakaza silabi ya pili toka mwisho, we tamka kwa sauti tu: BIbi haRUsi, umekaza mara mbili, hayo mawili. MwanaFUnzi, mkazo unaosikika vizuri ni mmoja.

Penye kero ni watu wa kazi: mpiga kura, mbangua korosho, muuza pweza. Hapa hata magazeti hayakubaliani, huyu mpigakura yule mpiga kura. Mimi naacha nafasi, maana hapo nyuma unaweza kuweka chochote na neno likaenda, leo muuza pweza kesho muuza dagaa, hakuna kilichogandana. Mwendawazimu lakini limeshagandana, huwezi kulibadilishia mkia, unga. Vifaa unga pia, kipimajoto, vipimajoto. Na yanayojirudia, polepole, mbalimbali, sawasawa.

Mkibishana sana fungueni kamusi ya TUKI au ya BAKITA, na zenyewe zikitofautiana chagua moja uifuate tangazo zima, sio juu mpigakura chini mpiga kura.

Kwa sababu, kwa nini na kwa hiyo wala sio ambatani, hizo nafasi ziacheni zilipo jamani.