Jinsi ya Kuomba Vibali vya Dokumentari ya Singeli Dar es Salaam

Mwongozo huu ni wa Mtanzania anayetaka kutengeneza dokumentari kwa fedha zake au za kuchangishana, kuhusu singeli ya mitaani, muziki wa kasi wa vijana wa Dar es Salaam: studio za chumba kimoja za Mburahati na Manzese, vigodoro (sherehe za muziki za mitaani) vya Tandale na Mbagala, vijana wanaounda biti kwenye kompyuta kuukuu na ma-MC wanaoishika maiki hadi usiku wa manane. Ile singeli ya majukwaa makubwa yenye wadhamini ina mameneja wake na utaratibu wake. Huku mtaani hakuna meneja, na kila makubaliano utayafanya na mtu mwenyewe.

Sheria inayokuhusu ni Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza, Na. 4 ya mwaka 1976, pamoja na marekebisho na kanuni zake. Kibali hutolewa na Bodi ya Filamu Tanzania. Dokumentari nayo ni filamu, kwa hiyo usidhani kwamba kwa kuwa huna waigizaji basi huhitaji kuomba. Wengi hukimbilia Bodi kwanza. Mimi nashauri uanze na wenye muziki, kisha mtaa, ndipo uende Bodi. Kibali cha kurekodi kina tarehe ya kwisha, ila wimbo ukishaingia kwenye filamu utabaki humo miaka yote, na wimbo huo ukiwa na mgogoro hutapata televisheni wala tamasha la kukupokea.

Hatua ya kwanza: malizana na wenye muziki

Singeli ina jambo moja linaloifanya iwe ngumu kisheria kuliko bongofleva. Prodyuza mara nyingi huchukua kipande cha wimbo wa taarabu, aghalabu ule utangulizi wa kinanda na gitaa kabla mwimbaji hajaingia, akakikata, akakizungusha na kukiongeza spidi hadi midundo 200 au 300 kwa dakika. Juu yake anapanga ngoma, na MC anashusha mashairi. Kwa hiyo dakika tatu za muziki zinaweza kuwa na wenyewe wanne: aliyeandika mashairi, aliyetengeneza biti, studio iliyorekodi, na kikundi cha taarabu ambacho pengine hakijui kwamba kipande chake kipo humo.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Na. 7 ya 1999, inalinda kazi ya mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Taarabu ya miaka ya 1980 na 1990, ambayo ndiyo inayopendwa sana na maprodyuza, bado ina mwenyewe. Usikubali ukiambiwa "huo wimbo wa zamani, hauna shida."

Kabla hujawasha kamera, kaa na prodyuza na usikilize naye biti zake moja moja. Muulize kila sauti imetoka wapi, naye atakwambia bila kusita. Hawafichi, kwao kuchagua kipande ni sehemu ya ufundi na wanajivunia sikio lao. Andika kwenye daftari jina la wimbo, MC, prodyuza, studio, kipande kilichoazimwa na kikundi chake, na sehemu ya filamu unayotaka kuutumia. Baada ya hapo una njia tatu. Ya kwanza ni kumtafuta mwenye kipande na kumwomba ruhusa. Ya pili ni kuchagua biti zisizo na kipande cha mtu, na zipo nyingi. Ya tatu, ninayoipenda zaidi, ni kumlipa prodyuza atengeneze biti mpya kwa ajili ya filamu, kuanzia sauti ya kwanza, huku ukimrekodi akiitengeneza. Unapata muziki safi kisheria, na unapata tukio kubwa la filamu yako kwa wakati mmoja.

Kuna jambo la kuangalia hapo. Tangu mwaka 2017, Nyege Nyege Tapes, kampuni ya kutoa muziki ya Kampala, ilipotoa mkusanyiko wa kazi za studio ya Sisso ya Mburahati, baadhi ya nyimbo za singeli zimetolewa nje ya nchi kwa mikataba. Ukiutaka wimbo wa aina hiyo, omba kuuona mkataba. Huenda msanii aliyekaa mbele yako ameshampa mwingine haki ya kuruhusu.

Ruhusa iandikwe kwa Kiswahili, ukurasa mmoja, isomwe kwa sauti kabla ya kusainiwa. Itaje wimbo, jina la filamu, mahali itakapoonyeshwa (matamasha, televisheni, mtandaoni), ni kwa muda gani, na malipo ni kiasi gani na yatatolewa lini. Tafadhali usiandike "haki zote, milele, duniani kote" kwa elfu hamsini. Vijana hawa wamechoka kunyonywa, na filamu inayodai kuwaheshimu haiwezi kuanza kwa kuwavua kazi yao. Lipa siku ileile ya kusaini, kwa njia ya simu ili kumbukumbu ibaki, na kila mmoja abaki na nakala.

Ukiweza, mwelekeze pia msanii asajili kazi yake COSOTA, taasisi ya hakimiliki. Haki yake haisubiri usajili, lakini cheti kinamsaidia siku ya ubishi, nawe kinakuhakikishia kwamba unaongea na mwenye mali.

Hatua ya pili: ofisi ya mtaa

Hapa ndipo watu hupoteza siku bila sababu. Manzese na Mburahati ziko Wilaya ya Ubungo. Tandale, ambayo ni jirani kabisa na Manzese, iko Kinondoni. Mbagala ni Temeke. Ukirekodi kwa MC wa Manzese asubuhi na kuvuka kwenda kigodoro cha Tandale jioni, umeshaingia wilaya nyingine, na barua ya upande mmoja haitakusaidia upande wa pili. Andika barua kwa afisa mtendaji wa kila mtaa utakaofanyia kazi, nakala kwa mtendaji wa kata, na kwa ofisi ya mkuu wa wilaya kama utarekodi usiku au kwa siku nyingi. Nenda pia kituo cha polisi cha karibu ujitambulishe. Mjumbe hana mamlaka ya kukupa kibali, lakini ndiye anayejua shughuli iko kwa nani na nani ana ugomvi na nani, kwa hiyo msalimie mapema.

Barua iwe fupi. Mfano:

YAH: OMBI LA KUREKODI FILAMU KATIKA MTAA WAKO
Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mtengenezaji wa filamu, mkazi wa (mtaa na kata). Naomba ruhusa ya kurekodi dokumentari kuhusu muziki wa singeli katika mtaa wako, kuanzia tarehe (…) hadi (…). Tutakuwa watu wanne, wenye kamera mbili na kinasa sauti kimoja. Tutarekodi ndani ya studio na katika shughuli za wakazi waliotukaribisha, kwa ridhaa yao. Hatutafunga njia wala kupiga muziki wetu. Naambatanisha vitambulisho na namba za simu za timu nzima.

Peleka nakala mbili, yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Usiondoke bila muhuri huo.

Kuhusu kigodoro, kibali cha shughuli yenyewe huombwa na mwenye shughuli, si wewe. Lakini omba ukione, kwa sababu huwa kinataja saa ya kuzima muziki. Serikali imewahi kupiga marufuku vigodoro Dar es Salaam, na lawama za kelele na maadili hazijaisha. Saa ikifika, zima taa za kamera hata kama DJ anaendelea. Taa zako zisiwe ndizo zinazoifanya shughuli ivuke muda, maana kesho yake wewe utarudi kwako na mama mwenye shughuli ndiye atakayeitwa ofisini.

Hatua ya tatu: maombi ya Bodi ya Filamu

Andaa barua ya maombi, muhtasari wa filamu, orodha ya timu na kazi ya kila mmoja, ratiba, orodha ya maeneo, na nakala za vitambulisho vya NIDA. Kama una jina la biashara au kampuni iliyosajiliwa BRELA, weka cheti na TIN. Zile ruhusa za wasanii na barua zenye muhuri wa mtaa ziambatanishe pia. Zinaonyesha kwamba unajulikana unakokwenda.

Kinachosumbua wengi ni muswada, yaani skripti ya filamu. Dokumentari haina maneno ya kuigiza, lakini Bodi inataka kujua unatengeneza nini. Usipeleke kurasa tupu zenye maneno "mahojiano yatafanyika." Peleka muhtasari ulionyooka, maelezo ya matukio unayotarajia kurekodi, na maswali utakayouliza. Muhtasari unaweza kusomeka hivi:

"Filamu ya dakika 50 inayofuata kazi ya prodyuza mmoja, ma-MC wawili na DJ mmoja katika kata za Mburahati na Manzese kwa miezi minne. Itaonyesha namna biti inavyotengenezwa, namna msanii anavyopata kazi kwenye shughuli za mitaani, na namna mapato yanavyogawanywa. Hakuna maigizo. Mahojiano ni kwa Kiswahili."

Usifiche kigodoro. Ukiandika "burudani za asili" kisha ukarudi na picha za vijana wakicheza saa saba usiku, utakuwa umejitia mashakani na kuharibu njia ya atakayekufuata. Sema wazi kwamba utarekodi vigodoro, na useme utarekodi vipi: kamera itakaa kwa MC, DJ na mwenye shughuli, hutarekodi mtu aliyevuliwa nguo, na hakuna mtoto atakayeonekana. Mkaguzi anayesoma maombi anatafuta uwajibikaji wa mwombaji, na hapo anauona.

Maeneo yaandike yote, hata unayoyafikiria tu, kwa mtaa na kata. Baada ya maombi kupokelewa utapewa namba ya kumbukumbu ya malipo. Ada ya Mtanzania ni tofauti na ya mgeni, kwa hiyo hakikisha ankara imetoka katika kundi lako kabla hujalipa, na usimpe mtu fedha mkononi. Siku ya kwanza ya kamera usiipange mpaka kibali kiwe mkononi.

Kama una mshirika wa nje anayeweka fedha, soma marekebisho ya mwaka 2019 ya ile Sheria ya Filamu. Kampuni au mtu wa nje anayerekodi Tanzania anatakiwa kuwasilisha picha zote ghafi na kusaini fomu kabla ya kuondoka, kisha kuleta nakala ya filamu iliyokamilika. Amueni mapema muombaji ni nani, na diski za akiba zitalipiwa na nani.

Ukiwa kazini

Tembea na kibali cha Bodi na barua za mtaa, nakala za karatasi, kila mtu na yake. Vituo vya mwendokasi, hospitali, shule na vituo vya reli vina wenyewe, na unahitaji ruhusa yao hata kama una kibali cha Bodi. Droni ni habari nyingine kabisa: inahitaji idhini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga na Wizara ya Ulinzi. Kwa filamu ndogo, ghorofa la jirani linatosha kukupa picha ya mabati ya Manzese kutoka juu. Polisi na majengo ya jeshi usiyaelekezee kamera.

Kila anayehojiwa asaini fomu ya ridhaa. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, hili si hiari ya uungwana tu. Aliye chini ya miaka 18 ni mtoto kwa mujibu wa Sheria ya Mtoto ya 2009, na wapo ma-MC hodari wa miaka 16. Saini itoke kwa mzazi au mlezi, mtoto mwenyewe aulizwe pia, na umrekodi mchana, studio au nyumbani. Akinamama wanaocheza kigodoroni nao waulizwe. Mwenye shughuli akikualika amekuruhusu kuingia nyumbani kwake; hajakuruhusia sura za wageni wake.

Ukitaka kuvuka kwenda Unguja kumtafuta mpiga kinanda wa taarabu ambaye kipande chake kimezungushwa kwenye biti, kibali cha Bodi ya Filamu Tanzania hakifiki huko. Unaomba upya kwa Baraza la Sanaa, Sensa, Filamu na Utamaduni Zanzibar, BASSFU. Safari hiyo ifanye ukiweza. Kumwekea mzee huyo vipokea sauti masikioni asikie vidole vyake vikikimbia mara mbili ya spidi ni mahojiano ambayo hayapatikani Bara.

Filamu ikikamilika

Nakala iliyokamilika hurudi Bodi ikaguliwe na kupewa daraja la umri kabla ya kuonyeshwa hadharani. Peleka pamoja na lile daftari la muziki, sasa likiwa limechapwa na kuonyesha dakika na sekunde ambazo kila wimbo unaanza na kuisha. Daftari hilohilo ndilo tamasha na televisheni watakaloomba, na ndilo litakalotumika kumlipa prodyuza na MC filamu ikirushwa. Onyesho la kwanza likiwa la mtaani, turubai na projekta pale Mburahati, ombi la serikali ya mtaa linaandikwa upya, kwa sababu ile barua ya kurekodi haihusu kuonyesha.