Oganoidi za njia ya hewa: anza na barafu

Sahani yangu ya kwanza ya oganoidi, yaani vipira vidogo vya seli vinavyoiga kiungo, ilikufa kwa sababu ya jeli. Niliitoa Matrigel, jeli ya protini inayobeba seli na kuganda ikipata joto, kwenye friji, nikapokea simu, niliporudi imeganda ndani ya kichupa. Seli za mtu aliyekubali kupitishwa brashi puani zikapotea bure, na hilo bado linaniuma.

Kwa hiyo iyeyushe usiku kucha kwa nyuzi 4, ikikaa kwenye barafu, na ncha za pipeti zilaze kwenye friza.

Tunazitafuta seli shina za msingi, zinazokaa chini kabisa ya utando wa njia ya hewa. Utazitambua kwa protini za KRT5 na p63. Utando ukichubuka, ndizo zinazogawanyika kuziba pengo. Unaweza pia kuzipata kutoka seli za iPS (seli za kawaida zilizorudishwa kuwa seli shina), ukianza na protini ya Activin A kisha kuchagua zinazowasha jeni ya NKX2-1, lakini hiyo ni safari ya wiki nyingi. Anayejifunza aanze na brashi.

Changanya seli na jeli taratibu, bila mapovu. Dondosha mikrolita 40 katikati ya kila kisima, kwenye sahani ya visima 24 iliyolala ndani ya inkubeta tangu jana. Igeuze kifudifudi, dakika 20 kwa nyuzi 37. Usipoigeuza, seli huzama na kujitandaza kwenye plastiki. Ongeza mikrolita 500 za chakula chenye Y-27632, dawa inayosaidia seli zisife, badilisha kila baada ya siku 3 au 4. Vipira vikishakua vya kutosha, gandisha vichupa viwili vya akiba.

Wiki zikisogea utaona vipira vyenye uwazi ndani. Kaa kwenye hadubini, usiguse meza. Vinyweleo vya seli vikianza kupiga, kamasi ndani ya kipira huzunguka polepole. Mara ya kwanza niliita kila aliyekuwa ghorofani.

Kupandikiza ni jambo jingine. Mwaka 2023 watafiti wa Boston waliondoa utando wa koo la hewa la panya kwa polidocanol, kemikali inayochubua utando kama sabuni, ndipo wakaweka seli za msingi zilizotokana na iPS. Zilishika, zikazaa seli za vinyweleo na za kamasi. Lazima nafasi iwe tupu kwanza. Utando mzima hauwapi wageni mahali.

Shangazi yangu wa Tanga, aliyebaki na makohozi tangu apone TB, huniuliza zamu yake lini. Humwambia: bado tuko kwa panya, shangazi. Endelea na kliniki, na usimpe mtu hela ya sindano ya seli shina.