Jinsi ya kuandika riwaya ya mapenzi ya vijana yenye ladha ya tamthilia za Kikorea

Ukishakesha na sizoni za Kikorea za kutosha lazima lile wazo likujie, kwamba na mimi naweza kuandika yangu. Unaweza kabisa, ila wengi wanaanza na mtoto wa tajiri, mama mtu anammwagia binti maji usoni, bahasha ya hela mezani, ajali, mtu kapoteza kumbukumbu, yaani vitu ambavyo msomaji wako keshaviona mpaka vimechuja. Kinachomkesha mtu mpaka saa tisa usiku ni ule ucheleweshaji. Wawili wanapendana, sisi tunajua, mashoga zake binti wanajua, muuza duka anajua, wao tu ndo hawajaambiana, na wana sababu ya maana ya kunyamaza. Kwa hiyo kabla hujaandika hata mstari mmoja itafute hiyo sababu kwanza, ikiwa legelege kitabu kizima kitakuwa legelege, msomaji atakuwa anajiuliza kila chapta "sasa si amwambie tu".

Mi sababu yangu ninayoipenda ni mtihani. Korea Kusini kuna mtihani wa kuingia chuo unaitwa suneung, unafanyika siku moja tu, Novemba, na nchi nzima inanyenyekea: ofisi nyingi zinachelewa kufungua ili barabara ziwe wazi, polisi wanawabeba waliochelewa, na ule muda wa kusikiliza Kiingereza ndege haziruhusiwi kutua wala kupaa. Sasa we fikiria una miaka 18, mama yako kajinyima kila kitu kwa ajili ya hiyo siku, halafu unampenda mtu. Hapo huhitaji mama mkwe mkorofi, kalenda yenyewe inatosha kuwa adui. Mwaka wa shule kule unaanza Machi, mtihani Novemba, basi umeshapata mwanzo wako na kilele chako bila kutoa jasho.

Saa za kukutana nazo zipo tayari. Tuisheni zao wanaziita hagwon, na Seoul zinatakiwa ziwe zimefungwa saa nne usiku. Kwa hiyo mapenzi yako yote yanaishi pale katikati, kati ya saa nne na basi la kurudi nyumbani, na ufinyu huo ni mtamu sana kwa mwandishi maana kila dakika ina thamani. Waweke kwenye duka dogo la saa 24, yapo kila kona, lina mashine ya maji ya moto na viti vya plastiki nje. Mfano wangu wa haraka:

Min-jae akamimina maji kwenye vikombe viwili vya ramyeon, zile tambi za haraka, akafunika, akalaza vijiti juu ya vifuniko. Seo-yeon tayari alikuwa katoa daftari la Kiingereza. "Dakika tatu tu, pumzika." "Dakika tatu ni maneno kumi." Basi akalichukua daftari, akaanza kumuuliza moja moja. La tisa akakosa. "Umepata," Min-jae akasema, akapindua ukurasa. Seo-yeon alijua kakosa. Hakusema kitu, akafunua kikombe chake kabla ya muda.

Umeona, hakuna aliyemshika mwenzie mkono, na hawa ni wanafunzi hivyo usiwakimbize, lakini msomaji keshatabasamu. Andika kumi za hivi kabla hujafika kwenye kukiri mapenzi.

Kitu kingine, chimba mila zao, usiishie kwenye miavuli na kubebana mgongoni. Mtahiniwa anapelekewa yeot, peremende inayonata, ili kufaulu kunate. Supu ya mwani, miyeokguk, haruhusiwi hata kuionja, maana mwani unateleza na yeye atateleza. Ila supu hiyohiyo ndo ya birthday, Mkorea asipoipata siku yake anaona kasahaulika. Haya, birthday ya Seo-yeon iangushie tarehe ya mtihani. Asubuhi mama yake anamfungia chakula, mkono unatetemeka, supu hapiki, wala birthday haitaji, na binti anaelewa kabisa kwa nini ila inauma. Jioni anatoka getini amechoka, wazazi wa watu wamejaa, na Min-jae kasimama kashika chupa ya chai, ile ya kutunza joto. Ndani si chai. Mi hapo nisingeandika neno "nakupenda" hata kwa kulipwa.

Heshima usiicheze. Kule tofauti ya mwaka mmoja inabadilisha namna mnavyoongea, kwa hiyo siku mdogo anaporuhusiwa kuongea na mkubwa kirafiki ni tukio, lipe nusu ukurasa. Shikamoo usiwape, wape kuinama na kupokea kitu kwa mikono miwili. "Oppa", yaani kaka, neno ambalo binti humwitia mvulana aliyemzidi umri, nayo usiimwage kila mstari kama chumvi, binti aitumie mara moja, chapta ya 12 huko, halafu akimbie.

Yule jamaa wa pili, anayempenda binti ila hampati, mfanye mtu mzuri kweli, mzuri kiasi kwamba nusu ya wasomaji wakununie. Theluji ya kwanza, ile wanayosema ukiwa na umpendaye basi mtadumu, kila mtu anaitumia, we ukitaka idondoshe mmoja akiwa kwenye basi na mwingine kwenye ngazi za treni ya chini ya ardhi. Na kama unataka utengano wa mwisho usioudhi, wanaume kule wanakwenda jeshini kwa lazima, jeshi la nchi kavu ni miezi 18, hakuna aliyemkosea mwenzie na bado wanaumia.

Urefu, tamthilia nyingi zina episodi 16, nawe weka chapta 16, kila moja ikatike pabaya, mlango unafunguliwa halafu ITAENDELEA. Ila usirushe ya kwanza kwenye magrupu mpaka angalau 12 ziwe tayari kwenye simu, maana wasomaji wetu ukiwakatia ya tano wanakuja inboksi usiku wa manane, na ukiandika kwa kukimbizwa utajikuta umemgonga Min-jae na gari.