Kuiwekea laptopu ya zamani Wi-Fi: kagua kwanza, nunua baadaye

Laptopu ya zamani isiyo na Wi-Fi, au ambayo kadi yake ya Wi-Fi imekufa, karibu kila mara inaweza kuunganishwa na ruta ya leo. Wengi hukwama kwa kukimbilia kununua kifaa kabla hawajajua mashine yao inakubali nini: adapta inachomekwa, taa inawaka, na mtandao hauonekani. Kwa hiyo anza na ukaguzi. Hauchukui muda, na unachohitaji ni bisibisi ndogo ya nyota tu.

Ukaguzi

Hakikisha kwanza kwamba mashine kweli haina Wi-Fi. Laptopu nyingi za kati ya 2003 na 2012 zina swichi ndogo ya kusukuma ubavuni au mbele, au kitufe chenye alama ya antena juu ya kibodi. Swichi hiyo ikizimwa, kadi inaweza isionekane kabisa. Nyingine huzimwa kwa kubonyeza Fn pamoja na kitufe kimojawapo cha safu ya F1 hadi F12. Ingia pia kwenye BIOS, yaani mipangilio ya msingi inayofunguliwa kabla mfumo haujawaka, uone kama kadi ya mtandao imezimwa huko. Kwenye Linux, mfumo endeshi wa bure, fungua dirisha la amri na uandike rfkill list. Ukiona "Hard blocked: yes", ujue swichi ya nje ndiyo imefunga, na hakuna amri itakayoifungua. Ukiona "Soft blocked: yes", andika rfkill unblock all.

Halafu tazama mfumo endeshi. Windows XP inaielewa WPA2, ulinzi unaotumiwa na ruta nyingi, ikiwa na Service Pack 3 (kifurushi cha masasisho). Yenye Service Pack 2 lazima iwekewe sasisho la KB893357. Windows 98 na Me hazina programu yao ya kusimamia Wi-Fi, hutegemea ile inayokuja na kadi. Adapta nyingi mpya hazina draiva, yaani programu ya kuendesha kifaa, za XP wala Vista. Kama mashine inaweza kubeba Linux nyepesi, hiyo ndiyo njia tunayoipendekeza, kwa sababu draiva nyingi zimo ndani ya kernel, kiini cha mfumo, tayari. Usalama nao ni sababu: Microsoft iliacha kuilinda XP tarehe 8 Aprili 2014 na Windows 7 tarehe 14 Januari 2020. Mashine ya namna hiyo isitumike kwa mambo ya benki hata kama Wi-Fi yake ni nzuri.

Mwisho, kagua matundu. USB 1.1 hupitisha megabiti 12 kwa sekunde, USB 2.0 hupitisha 480, nazo kwa macho zinafanana. Kwenye Windows, fungua orodha ya vifaa (Device Manager) na utazame sehemu ya USB: jina lenye neno "Enhanced" ni dalili ya USB 2.0. Kwenye Linux, lsusb -t huonyesha 12M au 480M mbele ya kila poti. Ubavuni tafuta tundu pana la kadi lenye kifuniko cha plastiki, kisha igeuze laptopu uone kama kuna kimlango cha kadi ya ndani kinachoshikiliwa na skrubu moja au mbili.

Adapta ya USB

Kwa mashine yenye USB 2.0 hii ndiyo njia rahisi. Kasi iliyochapishwa kwenye boksi isikushughulishe sana, kwani kinachoamua ni chipu iliyomo ndani. Kwenye Linux, adapta zenye chipu ya Atheros AR9271, Ralink RT5370, au MediaTek MT7610U na MT7612U hufanya kazi kwa draiva za kernel, ingawa huhitaji faili za fimwea (programu inayopakiwa ndani ya kifaa chenyewe), ambazo kwa kawaida huja na mfumo. Hizo mbili za MediaTek zinahitaji kernel 4.19 au zaidi. Realtek RTL8812AU, kwenye kernel za kabla ya 6.14 ya mwaka 2025, ilihitaji draiva ya kujengwa kwa mkono, na draiva hiyo huvunjika kernel inaposasishwa. Angalia pia kama adapta inashika masafa ya GHz 5. Ya GHz 2.4 peke yake haitauona mtandao wa GHz 5 hata ukiwa karibu na ruta.

Weka draiva kabla ya kuchomeka adapta, isipokuwa maelekezo yake yanasema vinginevyo. Kama laptopu haina njia yoyote ya kufika intaneti, chukua simu ya Android, iunganishe kwa waya wa USB na uwashe ushirikishaji wa intaneti kupitia USB. Linux na Windows 7 kwenda mbele kwa kawaida huitambua kama kadi ya mtandao.

Adapta nyingine zikichomekwa huonekana kama diski ya CD yenye draiva ndani, wala hazionekani kama kadi ya mtandao. Kwenye Linux, kifurushi cha usb_modeswitch au amri ya eject juu ya diski hiyo huzigeuza. Na kama laptopu ina poti za USB 3.0, usiibane adapta ya GHz 2.4 kando ya diski ya nje ya USB 3.0. Vifaa hivyo hutoa kelele za redio kwenye masafa hayohayo, na mawimbi hudhoofika. Waya wa USB wa nusu mita kuitenga adapta hutatua shida hiyo, na huisaidia kutoka nyuma ya skrini.

Tundu la ubavuni

Laptopu zenye USB 1.1 tu mara nyingi huwa na tundu la PC Card, na hapo ndipo pa kuelekea. Kuna aina mbili zinazofanana umbo: ya biti 16 na ya biti 32, iitwayo CardBus. Kadi ya CardBus ina ukanda wa shaba wenye vinundu juu ya upande wa pini, na mkato wake huizuia kuingia kwenye tundu la biti 16. Ikigoma, usiisukume kwa nguvu. Pini za ndani zikipinda, tundu limekwisha. Kadi za 802.11g, kiwango cha Wi-Fi cha mwaka 2003, zinaandikwa megabiti 54 lakini kwa matumizi halisi hutoa kama 20 hadi 25. Kadi za 802.11b za kabla ya hapo ziache: nyingi hazijui ulinzi mwingine zaidi ya ule wa zamani wa WEP, na WEP huvunjwa kwa dakika chache.

Laptopu za baadaye kidogo zina ExpressCard, ambayo haiingiliani na PC Card kwa namna yoyote. Kadi yake ina upana wa milimita 34 au 54. Tundu la 54 hupokea zote mbili, la 34 hupokea ndogo peke yake.

Kadi ya ndani

Hii ndiyo kazi inayolipa zaidi, kwa kuwa antena za ndani zinazunguka skrini na huvuta mawimbi vizuri kuliko adapta ndogo ya USB. Ndani utakuta mojawapo ya sloti tatu. Mini PCI, ya mashine za mwanzoni mwa miaka ya 2000, ni pana na hushikwa na vibanio viwili vya pembeni. Mini PCI Express ina pini 52 na kadi zake zina upana wa milimita 30: ndefu hufikia karibu milimita 51, fupi karibu 27. Kadi fupi kwenye sloti ndefu inahitaji bati dogo la kuirefusha ili ifikie skrubu. M.2 ni ya mashine za karibuni zaidi. Hapo jihadhari na kadi za Intel kama AX201 na 9560: zinategemea sehemu ya kazi kufanywa na prosesa, na kwenye laptopu ya zamani hazifanyi kazi hata zikiingia barabara. AX200 na AX210 hazina sharti hilo.

Kwa Mini PCI Express, Intel 7260 ya toleo la HMW ni chaguo zuri kwenye Windows 7 au Linux, na hufika megabiti 867 kwa GHz 5. Kadi za zamani za Atheros zinazotumia draiva ya ath9k hazihitaji hata faili ya fimwea.

Kabla ya kulipa, tafuta kama BIOS ya modeli yako ina orodha ya kadi zinazoruhusiwa. ThinkPad nyingi na HP nyingi za wakati huo zinayo. Ukiweka kadi isiyo kwenye orodha, ThinkPad husimama na ujumbe wa 1802, HP husimama na 104, na mashine haiwaki mpaka uiondoe. Dawa salama ni kununua kadi yenye namba ya kipuri iliyoandikwa kwenye kitabu cha matengenezo cha modeli hiyo. Kuna BIOS zilizorekebishwa na watu wa nje. Zikikosewa wakati wa kuandikwa, ubao mama hufa, na hatupendekezi kuzijaribu kwa mashine unayoitegemea.

Kufunga kwenyewe hufanywa hivi. Zima laptopu kabisa, chomoa chaja, toa betri, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde 10. Gusa chuma kisicho na rangi ili kuondoa umeme tuli. Kama kuna kadi ya zamani, piga picha ya waya za antena kabla ya kugusa chochote. Mara nyingi nyeupe au kijivu huwa ni ya kuu na nyeusi ni ya pili, lakini rangi hutofautiana, kwa hiyo fuata picha yako. Inua kichwa cha kila waya kwa ukucha au kijiti cha plastiki, wima, bila kuvuta waya wenyewe. Ingiza kadi mpya kwa mwelekeo wa digrii 30 hivi, ilaze, ifunge kwa skrubu. Vichwa vya antena viweke katikati kabisa ya kitundu kisha ubonyeze kwa kidole: kikikaa utasikia mlio mdogo, kisipokaa sawa usiongeze nguvu, anza upya. Vichwa vya M.2 ni vidogo kuliko vya Mini PCI Express na havibadilishani.

Mashine iliyouzwa bila Wi-Fi inaweza kuwa na waya za antena zimekunjwa na kugandishwa kwa utepe karibu na sloti. Zisipokuwepo, nunua antena bapa mbili zenye waya wa kutosha kupita kwenye bawaba hadi fremu ya skrini. Kuziacha chini, ndani ya boksi la chuma, ni kujinyima mawimbi.

Kuna tatizo moja la Mini PCI Express linalosumbua sana: kadi mpya inaonekana lakini inasema imezimwa kwa swichi, hata swichi ikiwa imewashwa. Husababishwa na pini ya 20, inayobeba amri ya kuzima redio. Upande wa chini wa kadi, ni pini ya pili baada ya mkato, upande wenye pini nyingi. Kipande chembamba cha utepe wa plastiki juu ya pini hiyo peke yake humaliza jambo.

Njia isiyohitaji draiva

Kama mashine ina tundu la waya wa mtandao na kila njia nyingine imeshindikana, tumia ruta ndogo ya safari yenye uwezo wa kupokea Wi-Fi na kuitoa kwa waya. Unaisanidi kwa simu, unachomeka waya, na laptopu hudhani iko kwenye mtandao wa waya wa kawaida. Hufanya kazi na mfumo wowote, hata Windows 98, na mambo ya WPA2 hushughulikiwa na ruta hiyo.

Ikigoma kuunganika

Mtandao ukionekana lakini nenosiri likakataliwa, tazama ruta: ikiwa imewekwa WPA3, ulinzi mpya kuliko WPA2, peke yake, irudishe kwenye hali ya WPA2 na WPA3 pamoja, au WPA2 yenye usimbaji wa AES. Usichague usimbaji wa zamani wa TKIP, kwani hubana kasi ya kadi za 802.11n kwenye megabiti 54. Mtandao usipoonekana kabisa ilhali simu inauona, huenda ruta iko kwenye chaneli ya 12 au 13, ambazo kadi zilizotengenezwa kwa soko la Marekani hazizisikilizi. Ihamishie kwenye 1, 6 au 11. Ikikatika kila baada ya dakika kadhaa, zima uokoaji wa umeme kwenye mipangilio ya kadi.

Na Wi-Fi ikiwa imara lakini kila tovuti ikilalamikia cheti cha usalama, tazama saa ya laptopu. Betri ndogo ya ubao mama, mara nyingi CR2032, ikifa, tarehe hurudi nyuma miaka mingi na vyeti vyote huonekana batili. Badilisha betri hiyo, weka tarehe sahihi, kisha ufungue kivinjari upya.