Mtoto wa malezi ya kambo au wa kuasili kaingia nyumbani, unaanzaje? Anzia jikoni

Watu wakisikia umechukua mtoto wanakuuliza ya mahakamani tu, karatasi zimegharimu shingapi, mwanasheria ulimpata wapi. Karatasi zina mwisho wake jamani. Ila ile siku ya tatu unaamka saa nane za usiku unakuta mtoto kajikunyata jikoni gizani analamba sukari kwenye kiganja, hiyo hakuna ofisi inayokuandaa. Mi nimelea wawili hapa Dar, mmoja alikuja kwa malezi ya kambo ana miaka sita na mwingine tulimuasili akiwa mdogo zaidi, na mengi ninayoandika hapa niliyakosea kwanza ndo nikayajua.

Karatasi niziseme haraka. Kwa Bara, Sheria ya Mtoto ya 2009 ina vitu viwili ambavyo watu wanavichanganya kila siku. Malezi ya kambo unapitia kwa afisa ustawi wa jamii, unalea lakini mtoto bado ana kwao, ndugu wakipatikana na hali ikawa nzuri anaweza kurudi. Kuasili ni Mahakama Kuu, amri ikitoka wewe ndo mzazi, na RITA, wale wakala wa serikali wa usajili, wanaingiza kwenye rejista. Ujue uko upande gani kabla hujafungua mdomo, maana mi yule wa kambo wiki ya kwanza nilimwambia "wewe ni wangu, huondoki tena", huruma tu ilinishika, miezi ikapita bibi yake akapatikana nikabaki sina pa kuuficha uso. Mwambie unachoweza kukitimiza. "Leo unalala hapa, kesho asubuhi tunakunywa chai wote." Inatosha kabisa.

Sasa chakula. Kama nina kitu kimoja cha kukwambia ni hiki, mtoto aliyewahi kulala njaa haamini maneno yako, anaamini sufuria. Wangu nilianza kuona sisimizi wamepanga mstari kutoka dirishani mpaka kitandani, nikadhani amedondosha juisi, kufungua foronya nakuta vipande vya chapati saba, vingine vimekauka kama kigae, na mfupa wa kuku umefungwa kwenye soksi. Nilipaniki nikamgombeza. Kesho yake akaficha mbali zaidi, nyuma ya kabati, nikaja kugundua kwa harufu.

Kilichosaidia ni kopo. Nilinunua kopo la plastiki lenye mfuniko, nikaandika jina lake kwa maka pen, nikaliweka kwenye rafu anayoifikia mwenyewe bila kuomba. Ndani karanga, maandazi mawili, ndizi, siku nyingine biskuti. Sheria ilikuwa moja tu, kopo ni lake, hakuna wa kumuuliza kala lini, na likiisha mimi najaza. Wiki ya kwanza lilikuwa linaisha kabla hata sijamaliza kupika chai, mume wangu akasema tunamdekeza. Nikajaza. Wiki ya pili hivyo hivyo, nikajaza. Mwezi wa pili nikakuta andazi limeota ukungu mle ndani, kalisahau, na siwezi kukueleza lile andazi bovu lilinifurahisha kiasi gani. Usiite wizi mtoto akichukua chakula nyumbani kwake, na usimchape kwa hilo, kabisa. Ukimchapa unamthibitishia kile alichokuwa anakiwaza, kwamba hapa chakula kina wenyewe.

Alafu chakula kiive muda ule ule. Ikitokea umeme umekatika au gesi imeisha mwambie mapema, "leo tutachelewa, tutakula saa tatu", usimwache anasikiliza milio ya sufuria.

Kukojoa kitandani kupo, hata kwa mkubwa wa miaka tisa kumi. Weka nailoni juu ya godoro halafu shuka, weka shuka la pili pembeni, na ukikuta pamelowa mbadilishe kimya kimya asubuhi kabla wengine hawajaamka. Godoro lisianikwe upande wa barabarani. Watoto wa mtaani wana nyimbo zao za vikojozi na wanazijua vizuri. Ikiendelea sana mpeleke hospitali wamwangalie mkojo kwanza, sio kila kitu ni hofu, kuna kukuta ni UTI tu, maambukizi ya njia ya mkojo. Na wakati uko huko waangalie na mapunye, minyoo, damu, meno, yani ukiweza maliza vyote siku moja maana kumrudisha mara ya pili ni vita.

Suala la kukuita mama liache. Wangu aliniita shangazi karibu mwaka, mbele za watu nilikuwa naumia kidogo, nisidanganye, ila alikuwa na mama yake aliyemzika, kumlazimisha anipe lile neno ni kama kumwambia yule afe mara ya pili.

Kwa Waislamu hili la jina mnalijua zaidi, mtoto anabaki na jina la baba yake, unamlea vizuri tu lakini humpachiki nasaba yako. Mirathi haimfikii moja kwa moja kama wa kuzaa, ila unaweza kumwandikia wasia usiozidi theluthi ya mali, na jambo kama hili liandikwe mapema ukiwa mzima, ukiwaachia ndugu waje wakumbuke wenyewe msibani mtoto atalala nje. Na kama ni mchanga bado, wapo akina mama wanaomnyonyesha kwa masharti yake ili awe mwanao wa kunyonya, mambo ya mahramu, yaani ndugu wasioweza kuoana hivyo hawana haja ya kujisitiri sana wakiwa pamoja, yasije kusumbua akikua. Muulize shehe wako mapema, miaka miwili ikipita dirisha hilo limefunga.

Haya, ukweli. Wengi wanasubiri mtoto "aelewe" ndo waseme kwamba hawakumzaa. Mwenzangu, jirani hasubiri. Fundi cherehani anajua, mama wa genge anajua, siku watoto wakigombania mpira kuna mmoja atamrushia "we wa kuokotwa" na hiyo siku ukiwa hujasema chochote umepoteza zaidi ya unavyofikiria. Anza akiwa mdogo, hata haelewi, kama hadithi ya kulalia. Mi nilinunua daftari la kawaida la kaunta nikabandika picha ya makao ya watoto aliyotoka, picha ya mlezi aliyekuwa anambeba, kitambaa cha nguo aliyokuja nayo, tunakaa tunafungua kurasa. Usipambe. Kama hujui baba ni nani sema "sijui, nikijua ntakwambia". Yale mazito, kutupwa, ulevi, gereza, yanaenda kwa umri ila uongo usiweke hata kidogo, maana siku moja atataka kuona faili lake.

Na watu wakiuliza mbele yake "huyu wa nani mbona hamfanani", jibu fupi la kufunga mlango, "wangu, shikamoo." Stori ya maisha yake ni yake, shangazi zako hawana haja ya kuijua yote, na picha zake za siku aliyofika, nguo zimechanika na kamasi, tafadhali zisiende status.

Shuleni mwone mwalimu wa darasa mwanzoni kabisa. Usimwambie historia nzima, mwambie asiitwe mstarini kama "watoto yatima wasogee mbele", na ikija ile homuweki ya kuchora ukoo awape watoto wote uhuru wa kuchora watu wanaoishi nao. Wangu alichora mti wenye mizizi pande mbili, mwalimu akamwekea kosa. Nikaenda.

Mwisho ndugu zake. Kama afisa ustawi amesema waje, waje. Bibi yake wa kwangu alikuja na mfuko wa mihogo kutoka Mkuranga, nikamtandikia mkeka, shikamoo bibi, marahaba mwanangu, nikawaachia chumba wakakaa wenyewe. Wivu utakupata, uende nao jikoni ukachemshe hiyo mihogo. Mtoto jioni atakuwa mkali, atavunja kitu, atasema chakula chako kibaya. Usibishane nae, jaza kopo, na usiku huo irudishe nailoni kwenye godoro hata kama ana miezi mitatu hajalowesha.