Namna ya kumfundisha mtoto kusoma na kuandika maneno ya nyumbani

Mwongozo huu ni kwa wazazi na walimu wa awali na darasa la kwanza hapa Tabora, ambako watoto wengi huja shuleni wakiwa wamezoea Kinyamwezi nyumbani.

Hatua ya kwanza ni ya sikio. Taja neno analolijua, kwa mfano "asali", naye apige kofi kwa kila silabi: a-sa-li. Asipoweza kuligawa neno kwa kinywa, usimwonyeshe herufi bado.

Hatua ya pili, tanguliza irabu tano, kisha konsonanti mojamoja kwa sauti yake wala si kwa jina lake, kwa sababu aliyekariri kwamba b ni "be" hupata taabu kuisoma "ba". Andika silabi kwenye vipande vya boksi. Akiwa na ma, mi, ka na ku peke yake, tayari anaunda mama, mimi, kaka, kuku na kumi.

Hatua ya tatu ndiyo inayotaka subira, nayo ni r na l. Mtoto anayezisikia kama sauti moja atasema "kalanga" na kuandika hivyo hivyo, yaani ameandika kwa uaminifu kile anachokitamka, kwa hiyo kumcheka ni kumwonea. Mwonyeshe kwamba ncha ya ulimi hugusa ufizi na kutulia katika l, lakini hutetemeka katika r. Kisha mpe jozi ambazo maana hubadilika: kula na kura, kalamu na karamu, mahali na mahari. Wewe tamka, yeye achague kipande kilichoandikwa neno hilo, baadaye mbadilishane. Neno "reli", ambalo mtoto wa Tabora halihitaji kuelezwa, lina sauti zote mbili, hivyo linafaa kuwa jaribio la mwisho.

Silabi changamano zifuate: e-mbe, ka-ra-nga, nyu-mba. Tenganisha mapema ng ya "ngoma" na ng' ya "ng'ombe". M ya "mti" hupewa kofi lake: m-ti.

Hatimaye toa imla fupi kila siku. Akikosea, usilikate neno zima kwa kalamu nyekundu. Pigia mstari silabi iliyokosewa, alitamke neno upya polepole, kisha airekebishe silabi hiyo peke yake.